Nyenga, Dumuzi na Ufagio Wangu

Zawadi, na wewe mwenzake wa Chaani ambaye jina lako bado sijalishika: nimestaafu. Najua mlicheka niliposema hivyo pale mlangoni. Fundi mmoja akauliza kwa sauti, "Ukistaafu na miaka ishirini na minane, ukifika sitini si utastaafu hata kula?" Chekeni. Mtu aliyepiga msasa miaka tisa, akazaa katikati yake, akarudi na mtoto mgongoni, ana haki ya kulitumia neno hilo. Sikufukuzwa. Sikutoroka. Aproni yangu niliikunja mwenyewe.

Naandika kwa sababu mtapewa meza yangu, na pamoja na meza mtapewa ufagio. Nani alipandishwa cheo na nani alinyimwa, hayo mtayasikia kwenye chai, na mengi yake ni uongo. Mimi nataka kuwaeleza habari za samaki mmoja na mdudu mmoja, nyenga na dumuzi, maana hao wawili ndio walionivuruga akili, na kuna mahali mpaka leo sielewi. Nikifika hapo nitasema sielewi. Msidhani nimechoka kuandika.

Siku ya kwanza nilifika karakana na cheti changu cha kidato cha nne kwenye bahasha ya kaki. Nilikuwa nimetoka kwetu Kaloleni, nakaa kwa shangazi Changamwe, na nilifikiri wachongaji wa vinyago wanahitaji karani. Fundi Nzioka, msimamizi, hakuifungua ile bahasha.

"Kiingereza unasoma?"

"Nasoma."

"Kuandika?"

"Naandika."

"Vizuri. Fagia."

Mtashangaa kwa nini ufagio ni kitu kikubwa pale. Wachongaji wetu wengi wametoka Ukambani na wana mwiko wao: kazi mpya haianzi juu ya vumbi la jana. Fundi akifika asubuhi akakuta unga wa jana chini ya kigogo chake, haingii. Atasimama nje kama mbuzi aliyeona maji, na wenzake watapanga foleni nyuma yake. Kwa hiyo mwenye ufagio hufika kabla ya wote, na wanapoingia hukuta sakafu kama haijawahi kukanyagwa. Ufagio hupewa mgeni. Mimi nilipewa nikiwa mgeni, na miaka tisa hakuna aliyekuja kuupokea. Nilisifiwa, nami mjinga nikapenda sifa.

Kiongozi wa wapiga msasa alikuwa Mama Kanini. Mama mnene, mfupi, anakaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa na magoti yake yamefungwa vitambaa. Alinitazama nikifagia siku ile akasema, "Huyu anafagia kama anayefukuza mgeni asiyetaka kuondoka." Kisha akanivuta nikae kando yake, akanipa twiga asiye na macho bado.

Wote wengine walitumia msasa wa karatasi. Mama Kanini alitumia ngozi ya nyenga, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu na mwiba. Alinunua ngozi mbichi Likoni, akaitandaza juu ya ubao, akaipigilia misumari kando kando, akaianika mpaka ikawa ngumu kama bati. Akaikata vipande vya kiganja. Ukipitisha kidole unahisi vijiwe vidogo vingi, kama ulimi wa paka. Msasa wa karatasi huisha kabla twiga hajapata shingo. Nyenga huzoea mkono wako, na ukimpeleka kwa kufuata nyuzi za mti, mti hung'aa kabla haujatiwa rangi ya kiatu. Ndiyo, rangi ya kiatu. Wateja huuliza siri ya weusi ule, na sisi hutazama kando.

Lakini shikeni hili. Ngozi ya ubavuni ndiyo ya kumalizia. Ngozi ya katikati ya mgongo ina vijiwe vikubwa kama miiba, hiyo ni ya kuanzia tu, kwenye matumbo ya bakuli. Ukiitumia mwisho huacha vitundu. "Ukinitobolea twiga nitakutoboa wewe," Mama Kanini aliniambia, na sikujua kama ni utani. Mwezi wa kwanza sikutoboa, ila nilivunja masikio. Sikio la twiga ni jembamba na liko mahali ambapo dole gumba hutaka kusukuma. Nilivunja mengi mpaka akasema karakana itafute wateja wa twiga viziwi.

Ni yeye aliyenifundisha dumuzi pia. Dumuzi ni kamdudu keusi, kadogo kuliko punje ya mchele, kanaishi ndani ya mti. Alinionyesha kibao cha mwembe chenye tundu moja la duara, safi kama limepigwa na msumari, na chini yake kichuguu cha unga mweupe, mwororo kama poda ya mtoto.

"Tundu hili ameingilia?" niliuliza.

"Ametokea. Ukiona mlango, mwenye nyumba ameshahama. Ameacha watoto."

"Sasa nitajuaje unga wa dumuzi na unga wetu sisi? Hapa kila kitu ni unga."

"Wetu hutawanyika. Wake hukaa kichuguu. Ukiona shaka, ufagie, ulale, utazame. Kichuguu kikirudi na hakuna mtu aliyepiga kitu, mdudu yumo."

Fagia, lala, tazama. Mambo matatu. Mimi nikalishika la kwanza kwa mikono miwili, yale mawili yakapotea, maana nilikuwa nikifika karakana alfajiri kazi ni kuondoa kila kitu kabla ya mafundi. Nani ana muda wa kutazama vumbi? Vumbi linafagiwa.

Miaka ikaenda. Nilijua mhuhu kwa harufu, mwembe kwa uzito, na fundi mlevi kwa miguu ya twiga wake. Nikampata Dama. Baba yake alipata safari ya lori kwenda mpakani na yuko safarini hadi leo. Hilo si la karakana, nimelitaja ili mjue kwa nini nilirudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu, na kwa nini maneno yangu ni makali. Sikuzaliwa hivi.

Fundi Nzioka aliniona na Dama mgongoni akasema mtoto asikae kwenye vumbi.

"Vumbi liko wapi na wapi haliko?" nikamwuliza. "Karakana nzima ni vumbi."

Akafikiri. Kisha akanyoosha kidole nyuma kabisa, kwenye rafu ya mzigo uliokamilika unaosubiri kusafirishwa. "Kule hakuna anayepiga msasa. Mlaze kule."

Nikashukuru. Wallahi nilishukuru, na mimi si Mwislamu. Nikaweka boksi la katoni chini ya ile rafu, nikatandika leso, Dama akalala chini ya twiga waliopangwa safu kwa safu juu yake kama wanamlinda. Na kwa kuwa mtoto yuko pale, nikawa nafagia pale asubuhi, mchana na jioni. Kila alasiri nilimwinua nikamkuta na unga mweupe kwenye nywele. Nikampangusa. Nilifikiri unatoka kwangu, kwenye mikono yangu, kwenye matiti yangu nikimnyonyesha. Nikajilaumu, nikawa naoga kabla ya kumshika.

Fundi Nzioka akasema mbele ya watu wote, "Mnaona Kadzo? Nyuma kule kunameta kama hospitali."

Mwaka ulipogeuka ikaja barua ya mteja wa ng'ambo. Twiga wamefika na vitundu. Alituma picha kwenye simu, tumbo la twiga lina vidoadoa kama limeugua tetekuwanga. Aliuliza kwa upole, na upole wa mteja ni wa kuogopwa: amesikia karakana hii hulainisha mti kwa ngozi ya samaki yenye miiba. Je, vitundu hivi ni vya ngozi hiyo, au kuna mdudu? Kama ni ngozi, ni alama ya mkono, atapokea twiga waliobaki lakini tuache kutumia ngozi. Kama ni mdudu, mzigo wote uchomwe, na yeye hataagiza tena.

Fundi Nzioka aliniita na bahasha yangu ya kaki ikapata kazi siku hiyo, baada ya miaka saba. "Wewe ndiye umesoma. Linganisha huyo samaki na huyo mdudu. Andika ripoti."

"Nikiandika ni samaki?"

"Anayetumia samaki ataondoka."

Mwenye samaki alikuwa mmoja tu; mimi niliazima kwake. Alikuwa amekaa hatua kumi kutoka pale, juu ya kreti, anapuliza sikio la twiga.

"Na nikiandika ni mdudu?"

"Tutaondoka sote," akasema. "Chagua vizuri maneno."

Sasa hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na sijui kama nimerudi. Nilichukua sindano ya kushonea nikaenda kwenye rafu. Nilifikiri jambo ni rahisi: tundu la nyenga halina kina, sindano haizami, tundu la dumuzi sindano huzama. Twiga wa kwanza, sindano ikagota. Wa pili, ikazama hadi nusu. Wa tatu, tundu moja limegota na la pili limezama, tumbo hilo hilo. Nikakaa chini. Maana yale yaliyogota niliyajua. Yalikuwa yangu. Kuna wiki niliyokuwa na haraka ya kwenda kunyonyesha, ngozi ya ubavuni ikaniishia, nikamalizia kwa ya mgongo. Mama Kanini hakutoboa hata kimoja. Na mteja ana picha tu, na picha huwezi kuichoma sindano.

Jumamosi nikavuka feri na Dama mgongoni kwenda Likoni kwa Bi Mwanasha, mama aliyekuwa akituuzia ngozi. Miaka yote nimeshika nyenga mkononi na sijawahi kumwona akiwa mzima.

"Shikamoo, Bi Mwanasha."

"Marahaba, mwanangu. Wataka ngozi?"

"Leo sitaki ngozi. Nataka kumwona mwenyewe, mzima."

"Wamchumbia?"

Wanawake wa pembeni wakaangua kicheko. Nikasema nataka kujua kama anaweza kutoboa mti. Bi Mwanasha akanitazama, akamtazama mtoto, akaniuliza pole pole, "Usiku walala, mwanangu?"

Lakini akamtoa. Mkubwa kama sinia la pilau la harusi, macho juu, mdomo chini, kama mtu aliyeumbwa na mafundi wawili ambao hawakusemezana. Akampindua. "Tia kidole mdomoni. Tia, kashakufa." Nikatia. Hana meno ya kuchoma. Ana kitu kama sakafu ya vigae, juu na chini.

"Huyu ala kaa na kombe," akasema. "Avunja, hatoboi. Alala mchangani, mti ataukutia wapi?"

"Na huu mwiba?"

"Huo ni wa kumkomesha anayemkanyaga. Kwani wewe wako u wapi? Maana naona wakanyagwa."

Nikarudi nikaandika kwenye daftari, na daftari hilo ninalo. Nyenga ni mkubwa, dumuzi hata macho hayatoshi kumwona. Nyenga hujificha kwenye mchanga lakini huacha macho nje, dumuzi hujificha mtini haachi kitu. Nyenga haugusi mti mpaka afe, dumuzi akiuacha mti ujue ameshaumaliza. Nyenga hukwaruza kwa nje kila mtu akimwona. Dumuzi hula kwa ndani na nje panabaki rangi ya kiatu. Wote wawili hutoa unga, na unga wote mimi nimeufagia. Hapo nikasimamisha kalamu.

Jumapili yake nikafanya lile ambalo nilifundishwa siku za mwanzo. Nilikuwa nimebeba twiga mmoja kutoka rafuni. Nikamsimamisha juu ya sketi yangu nyeusi ya shule, chumbani kwangu, ambako hakuna msasa wala nyenga. Tukaenda kanisani, tukarudi. Chini ya tumbo lake palikuwa na kichuguu cheupe. Nikakigusa. Kilikuwa ni kile kile nilichokuwa nikimpangusa Dama nywele kila alasiri.

Nilimwambia Mama Kanini kwanza, Jumatatu, kabla ya Nzioka. Nilimwonyesha kwenye karatasi. Hakushangaa. Akatupa jicho pale tunapokunywa chai, kwenye lile pipa.

Mnalijua pipa hilo, bado lipo. Ni pipa la dawa. Zamani magogo yote ya mwembe yalichovywa pale kabla fundi hajagusa tezo. Siku moja dawa iliisha, pipa likapinduliwa, likawekwa kitambaa, likawa meza. Nani alilipindua, lini, sikumbuki. Nilikunywa chai juu yake miaka mingapi? Nyinyi mmekunywa pale juzi.

"Andika nyenga," Mama Kanini akasema.

"Siandiki uongo."

"Andika nyenga, Kadzo. Ukiandika mdudu, mafundi kumi na wapiga msasa wote hawa wataenda kukaa barabarani, na wewe na huyo mtoto. Mimi nina shamba kwetu, na magoti haya yalishaniandikia barua kitambo."

"Lakini hukutoboa wewe! Nimetoboa mimi!"

"Najua," akasema. "Nilikuona ukishika ya mgongo. Nilikuwa nasubiri uje uniambie."

Nikaandika nyenga. Siwezi kulipamba hilo. Niliandika kwa Kiingereza kizuri kwamba vitundu vinatokana na vijiwe vya ngozi ya samaki, nikachora na mchoro. Mteja akaridhika, akatushukuru kwa uaminifu wetu. Neno hilo, uaminifu, alilirudia mara mbili. Mama Kanini akafungua vitambaa vya magoti, akanipa kipande chake cha nyenga kilichozoea mkono wake, akasema kitanizoea nikikosa haraka. Mafundi wakachanga, wakamnunulia blanketi. Walijua yeye ndiye aliyetoboa. Niliwaambia mimi, kwa mchoro.

Baada ya hapo sikumlaza tena Dama chini ya rafu. Nikampeleka kwa jirani. Lakini niliendelea kufagia. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote, kuliko Nzioka, kuliko mteja: nilijua, na nikafagia, karibu miaka miwili, kwa sababu watu walikuwa wakiingia na kusema, "Kunameta."

Dumuzi hasomi ripoti. Mwezi uliopita ikaja barua ya pili, mteja huyo huyo, vitundu vile vile, na safari hii shingo ya twiga imekatika mkononi mwa mnunuzi, ndani ni unga mtupu. Fundi Nzioka akaniita. Ngozi ya nyenga haimo tena karakana, wote mnatumia karatasi. Kipande cha Mama Kanini kilikuwa kwenye droo yangu, sikukitumia mbele ya watu.

Akaizungusha simu mezani. Kisha akasema, kama mtu anayewaza tu, "Hivi huko nyuma kwenye mzigo, anayefagia ni nani?"

"Unajua ni nani."

"Kama mfagiaji angeona unga mapema na kusema..."

Nilielewa. Nyenga ameisha, sasa zamu ya ufagio. Nilitoka nje nikanywa maji, nikarudi nikamaliza bakuli nililokuwa nalo, maana lilikuwa zuri.

Jumamosi mchana mafundi walipotoka, nilifagia karakana yote. Nilifagia nyuma, chini ya rafu, kwenye pembe, mpaka ukidondosha punje ya chumvi unaiona. Zawadi, ulikuwepo, uliniambia, "Dada Kadzo, leo unafagia kama kuna harusi." Nikafunga mlango, ufunguo nikampa mlinzi. Jumapili hakuna aliyefanya kazi. Jumatatu nilifika kabla ya wote kama kawaida, nikafungua mlango wa mbele na ule mpana wa nyuma wa kupakilia, nikakaa kizingitini, ufagio umelala magotini. Sikufagia.

Mafundi wakaja. Wa kwanza akasimama.

"Kadzo, mbona hujafagia?"

"Nilifagia Jumamosi."

"Lakini naona vumbi kule."

"Nani amelitia?"

Hakuingia. Akaja wa pili, wa tatu, wakajaa mlangoni, hakuna anayevuka, mwiko ni mwiko. Jua likaingia kwa mlango wa nyuma likapiga chini ya rafu. Mnakumbuka. Vichuguu, safu kwa safu, kila twiga na cha kwake, vimejipanga kama twiga wenyewe. Sakafu iliyobaki yote ilikuwa safi, inameta. Watu wanaojua mti tangu utotoni hawahitaji ripoti. Walisimama pale wakitazama, na nikasikia mmoja nyuma akivuta pumzi, akasema polepole:

"Na Mama Kanini?"

Nikaugeuza ufagio magotini.

Fundi Nzioka akafika, akapenya katikati yao, akaona. Akageuka kwangu. Hakupiga kelele. "Kadzo," akasema, "fagia watu waingie."

"Nimestaafu, fundi."

Hapo ndipo mlipocheka. Nami nikacheka kidogo, kwa hasira. Ripoti niliiandika siku hiyo hiyo nikiwa nimesimama, nikaeleza dumuzi, pipa, kichuguu, na kwamba ripoti ya kwanza ilikuwa ya uongo na mwandishi wake ni mimi. Niliisoma kwa sauti mbele ya mafundi kabla ya kuituma, kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Wengine hawaongei nami tena. Wanasema kama ningenyamaza wangekuwa na kazi ya mwezi ujao. Labda ni kweli. Sijui. Mzigo umechomwa, pipa nasikia limepinduliwa tena limesimama, na kama kutakuwa na dawa ndani mtaona wenyewe.

Mama Kanini nilimpigia simu. Nikamweleza yote, nikilia. Akasikiliza, kisha akasema, "Sasa ndio unanisafisha? Nimeshapanda mbaazi." Halafu akauliza kama kipande chake cha nyenga bado kizima.

Kuna jambo moja ninaloligeuza kila siku nikimchana Dama nywele. Fundi Nzioka alipoonyesha ile rafu akasema mlaze kule, alijua? Aliponisifu mbele ya watu, alikuwa akiusifu usafi au alikuwa akifurahi kwamba unga wa dumuzi unaondoka kabla haujaonwa? Nilimwuliza siku ya mwisho. Akasema, "Mimi nilitaka kukusaidia." Nilimtazama usoni na sikuona kitu. Mwiba wa nyenga unauona. Huyu simjui. Inawezekana ni mtu mwema aliyekunywa chai juu ya pipa kama sisi. Inawezekana siyo. Mtoto wangu anakohoa siku nyingine na hakohoi siku nyingine, na daktari wa zahanati anasema ni kawaida.

Droo ya kulia utakuta kipande cha nyenga, Zawadi, cha ubavuni. Kimezoea mikono miwili, kitakuzoea na wewe. Ufagio nimeuacha nyuma ya mlango. Jumamosi fagia vizuri. Jumatatu fika mapema, fungua milango yote miwili, na kabla hujaugusa, tembea mpaka nyuma kule, uiname, utazame.